Jinsi ya kutumia Bodoni, Didot na ndugu zao bila unywele kukupotea

Hizi fonti unazijua hata kama jina hulijui. Ni zile herufi za kwenye kava za majarida ya mitindo na maboksi ya manukato, mistari ya wima imenenepa kama nguzo alafu ya mlalo imekonda kama unywele, ukiziona tu unajua hapa kuna mtu anataka aonekane ana hela. Wataalam wanaziita Didoni, jina la mwaka 1954 la mtu anaitwa Maximilien Vox, alichukua Didot akachukua Bodoni akaunganisha. Mi naziita fonti za unywele kwa sababu shida yake yote na uzuri wake wote viko kwenye huo unywele.

Niseme kabisa nilivyojifunza. Nilitengeneza vyeti, majina ya watu nikayaweka kwa Bodoni nyembamba, rangi nyeupe juu ya kijani iliyokolea, kwenye skrini ilikuwa inapendeza mpaka nikajisifu mwenyewe, vikarudi kutoka kuprintiwa herufi zimebaki nguzo nguzo, N imekuwa mkwaju mmoja wa kulalia, E imekuwa I. Vyeti vyote. Mprintaji hakuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa langu kwa sababu sikupima. Kwa hiyo huu mwongozo nauandika kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mimi kabla ya siku ile.

Hatua ya 1: jua unachokishika

Sio kila fonti yenye vimiguu ni ya aina hii. Angalia herufi O kubwa. Kwenye fonti za zamani zaidi, zilizofuata kalamu yenye ncha bapa, sehemu nyembamba ya O inakuwa imelalia upande, kama yai lililoinama kidogo. Kwenye Bodoni na Didot sehemu nyembamba ipo juu kabisa na chini kabisa, O imesimama wima kama askari. Alafu angalia vimiguu vya chini ya I au H, ni kijistari chembamba kimekutana na nguzo kwa kona kali, hakuna kile kipinde cha kulainisha, au kama kipo ni kidogo sana. Alafu angalia mwisho wa a, c, f na r ndogo, utakuta kitone cha mviringo kama tone la wino.

Hayo yote yana sababu. Karne ya 18 waandishi wa hati nzuri walikuwa wanatumia kalamu yenye ncha kali inayotanuka ukiikandamiza, ukishuka unabonyeza mstari unanenepa, ukipanda unaachia mstari unakonda. John Baskerville kule Birmingham, ambaye mwenyewe alianza kama mwalimu wa mwandiko, akaanza kuleta huo utofauti kwenye herufi za chuma za kuchapia, ila karatasi za wakati huo zilikuwa na mikwaruzo mikwaruzo, unywele haukai, ikabidi ahangaike mpaka na karatasi laini zaidi, na wino mweusi zaidi, na kuzikandamiza karatasi kwa bamba za moto baada ya kuchapa. Yaani fonti peke yake haikutosha, ilibidi kila kitu kinachoizunguka kibadilike. Baadaye Firmin Didot kule Paris miaka ya 1780 na Giambattista Bodoni kule Parma wakalipeleka jambo mwisho kabisa.

Malalamiko kwamba zinaumiza macho nayo hayakuanza leo. Mwaka 1760 mchapaji Benjamin Franklin alimwandikia Baskerville kumsimulia jamaa mmoja aliyekuwa anadai herufi za Baskerville zitapofusha wasomaji wa nchi nzima kwa wembamba wake. Franklin akachukua karatasi ya mfano wa herufi za Caslon, mpinzani wa Baskerville, akachana jina juu, akampa yule jamaa akamwambia hizi hapa za Baskerville nionyeshe ubaya. Jamaa akaanza kuonyesha ubaya mmoja mmoja. Kwenye herufi za Caslon! Nacheka kila nikiikumbuka, ila usiitumie kama kinga, saa ingine mtu akikwambia haisomeki ni kweli haisomeki.

Hatua ya 2: pima unywele, usikisie

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka na ndo yenye kila kitu. Fungua programu yoyote ya kuchorea, andika herufi H au E kwa saizi ya pikseli 1000, alafu pima unene wa ule mstari mwembamba kuliko yote, mara nyingi ni kimiguu. Tuseme umepata pikseli 20. Gawa 1000 kwa 20 unapata 50. Hiyo 50 iandike mahali, ndo namba ya fonti yako.

Inavyotumika ni hivi. Kwenye skrini ya kawaida unywele unahitaji angalau pikseli 1 nzima ili utoke mweusi, kwa hiyo fonti hii inaanza kuonekana vizuri kwenye saizi ya pikseli 50 kwenda juu. Ukiiweka 16 unywele unakuwa 0.32 ya pikseli, skrini haiwezi kuchora theluthi ya pikseli kwa hiyo inaweka kijivu hafifu badala yake, na hapo ndo unaona maandishi yanametameta na macho yanachoka. Skrini za simu za kisasa zina pikseli mbili au tatu mahali pa moja kwa hiyo unaweza kushuka mpaka 25 hivi, lakini usipime kwa simu yako ya bei mbaya ukadhani kila mtu anayo.

Kwenye karatasi mi natumia pointi (kile kipimo cha saizi za herufi za kuchapa) 0.25 kama mwisho wa wembamba kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe laini. 0.25 zidisha kwa 50 ni 12.5, basi chini ya pointi 12.5 sithubutu na fonti hiyo. Maandishi meupe juu ya giza naongeza mara mbili, nataka unywele wa pointi 0.5, maana yake saizi 25. Zile vyeti zangu majina yalikuwa pointi 18. Hesabu ya dakika moja ingeniokoa.

Hatua ya 3: chukua toleo la saizi yako

Enzi za chuma kila saizi ilikuwa inachongwa peke yake kwa mkono. Anayechonga herufi ya saizi ndogo alikuwa anaongeza unene wa unywele, anaipanua herufi kidogo, anaacha nafasi zaidi, na kwenye saizi kubwa anakondesha anavyotaka. Ndo maana kile kitabu cha mifano cha Bodoni, Manuale Tipografico, kilichotolewa na mjane wake mwaka 1818 miaka mitano baada ya yeye kufariki, kina alfabeti nyingi kiasi kile kwenye juzuu mbili, sio kwamba alikuwa anajionyesha tu (japo nadhani na hilo lilikuwepo). Kompyuta zilipokuja tukachukua mchoro mmoja tukaukuza na kuushusha kama picha, na kila kitu kikaharibika hapo.

Waliojua wakarudisha. Jonathan Hoefler alipochora Didot mpya kwa jarida la Harper's Bazaar mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliitoa kwa matoleo saba ya saizi, kuanzia pointi 6 mpaka 96, ili unywele ubaki mwembamba uleule kwa macho bila kujali ukubwa wa herufi. ITC Bodoni nayo ina matoleo matatu, 6, 12 na 72. Ukiona namba kama hizo kwenye jina la fonti usidhani ni toleo la mwaka, ni saizi ambayo toleo hilo limeandaliwa.

Kama hutaki kununua, Bodoni Moda ni ya leseni huria na ina saizi ndani yake kwa mtindo wa fonti inayobadilika (faili moja lenye matoleo mengi), kutoka 6 mpaka 96, kwenye tovuti ile amri ya CSS ya font-optical-sizing iache tu ikae auto na kivinjari kinachagua chenyewe. Playfair Display ya Claus Eggers Sørensen nayo ni huria, ila neno Display kwenye jina lisome vizuri, maana yake ni ya vichwa vya habari, sio ya aya. Watu wanaandika aya nzima za Playfair kwa saizi ndogo alafu wanashangaa. Abril Fatface ni mnene sana, wa neno moja au mawili kwenye bango basi.

Hatua ya 4: jaribu na maneno yako mwenyewe

Usijaribu fonti kwa ile sentensi ya kiingereza ya mbweha na mbwa, wala kwa kilatini cha kujazia. Kiswahili kina tabia zake na fonti hizi zinazifichua.

Andika "nimenunuliwa". Nguzo, nguzo, nguzo, unapata uzio wa miti, kwa sababu n, m, u na i zote ni mistari ya wima iliyonenepa na vinavyoziunganisha ni nywele tu. Lugha yetu imejaa nime na ume na mwana na wanan, kwa hiyo aya ya Kiswahili kwenye Bodoni inachosha haraka. Kama neno hilo linasomeka kwenye saizi yako basi mengine yatapita.

Alafu andika KWAYA kwa herufi kubwa. Hapo unajaribu mistari ya mshazari, kila herufi inataka kusogea au kusukuma mwenzake, na A na Y zikikaa pamoja bila kurekebishwa zinaacha shimo la kuingia gari. AFYA na TAWI nazo nzuri kwa kazi hii.

Andika "safi" na "hafifu" uone kama kile kitone cha f kinagongana na nukta ya i. Fonti nzuri ina herufi maalum ya fi iliyounganishwa, hakikisha programu yako imeiwasha. Na mwisho andika "ng'ambo". Kiapostrofi cha fonti hizi ni kitu kizuri sana, kitone chenye mkia wa unywele, lakini kibodi ya simu mara nyingi inakupa kile kilichonyooka kama msumari na kwenye kichwa cha habari kikubwa msumari huo unaonekana kutoka mbali. Badilisha kwa mkono, alafu angalia nafasi kati ya g na kiapostrofi, mara nyingi lazima uisogeze.

Hatua ya 5: nafasi

Kwenye kichwa kikubwa cha herufi ndogo unaweza kubana herufi kidogo, zinapendeza zikikaribiana. Herufi kubwa tupu usibane, achia. Nafasi kati ya mistari kwenye kichwa 100 mpaka 110 kwa mia ya saizi inatosha, ila ukilazimika kuandika aya kwa toleo dogo nenda 140 au zaidi, kwa sababu nguzo zote hizo zinavuta jicho kushuka chini na msomaji anahitaji njia nyeupe iliyo wazi ya kumpeleka kulia.

Na usiivute. Ukiivuta herufi kwa upana nguzo zinanenepa ila vimiguu vinabaki unywele uleule, ukiibana nguzo zinakonda, vyovyote vile umeua uwiano uliochorwa kwa miezi. Kitufe cha kukoza na cha kulaza cha programu nacho kiogope, kama familia haina toleo nene au mlazo la kweli basi tumia bila.

Hatua ya 6: mtafutie mwenza mpole

Fonti hii inaongea peke yake, ukimpa mwenza anayeongea pia wanapigana. Mpe sanserifu, yaani fonti isiyo na vimiguu, ya unene sawasawa, Work Sans, Lato, Inter, yoyote isiyo na vituko. Usimpe fonti nyingine ya unywele na usimpe ile ya mwandiko wa harusi yenye mikia. Mi nikiwa na maandishi marefu natumia serifu (fonti ya vimiguu) ya unene wa wastani kama Source Serif kwenye aya na unywele unabaki kwenye kichwa na labda herufi moja kubwa ya kuanzia sura. Unene nao uulinganishe, pale kichwa chembamba kinapokaa juu ya aya nzito kichwa kinaonekana kama kimesahaulika.

Hatua ya 7: kuprinti

Hapa kaa muda kidogo kwa sababu mitego ni mingi.

Wino unasambaa. Kwenye karatasi mbovu inayonyonya, herufi nyeusi zinanenepa, ambayo saa ingine inasaidia unywele, lakini maandishi meupe juu ya giza wino unaingia ndani ya unywele na kuufunika, ndo kilichotokea kwangu. Na mbaya zaidi kama giza lenyewe limetengenezwa na wino nne, kila wino ukihama hata sehemu ndogo ya milimita unywele unajazwa na rangi moja au nyingine. Ukitaka meupe juu ya giza tumia mandharinyuma ya wino mmoja kamili, au chukua toleo la saizi ndogo ulitumie kwenye saizi kubwa, yaani lile la pointi 11 uliweke kwenye 30. Linaonekana zito kidogo kwenye skrini, usijali, likitoka linakuwa sawa.

Rangi hafifu pia ni mtego. Kijivu au pinki vinatengenezwa kwa vitone vidogo vidogo, na unywele uliokatwa vitone haujui tena kama ni mstari, unatoka kama nukta nukta. Maandishi ya unywele yape wino kamili.

Stika za kukata kwa mashine, nembo za kudarizi kwenye nguo, mihuri ya raba, uchapaji wa skrini kwenye fulana, huko kote mi nakataa kabisa au nachora upya nembo yenye unywele mnene. Kipande cha stika chenye upana wa unywele kinachanika wakati unabandua, na uzi wa kudarizi una unene wake ambao hauwezi kukonda kwa sababu we unapenda Didot.

Kuna ujanja wa dharura, kuongezea herufi kijistari cha pembeni cha rangi ileile. Kama unywele ni 20 ukaongeza 10 kila upande unakuwa 40, umezidishwa mara mbili, wakati nguzo ya 140 imeenda 160 tu haionekani sana. Wachoraji wa fonti watanipiga mawe, na kweli kona kali zinalegea kidogo, ila saa tano usiku na kazi inatakiwa asubuhi nimewahi kufanya na nitafanya tena.

Hatua ya 8: kwenye skrini na mitandao

Picha ya kupost iweke PNG, kwa sababu JPG ikibanwa inaleta vumbi vumbi pembeni ya mistari myembamba na mitandao mingine inaibana tena juu yake. Nembo ya tovuti iweke SVG. Alafu iangalie picha yako ikiwa ndogo kabisa, ya saizi ya duara la profaili, maana watu wengi wataiona hapo tu. Nembo ya unywele kwenye duara hilo haifanyi kazi, andaa nyingine ya herufi moja iliyonenepeshwa.

Hatua ya 9: ukitaka kuchora nembo mwenyewe

Kosa ninaloliona zaidi ni unene kuwekwa upande usio wake. Kanuni inatoka kwenye ile kalamu: mstari unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia ni mnene, unaopanda ni unywele. Kwa hiyo A mguu wa kulia ndo mnene, V mkono wa kushoto, W ni mnene unywele mnene unywele, Y mkono wa kushoto. M mguu wa kushoto unywele na wa kulia mnene. U upande wa kushoto mnene. N inashangaza watu, nguzo zake zote mbili ni nyembamba na mshazari ndo mnene. Na Z inavunja sheria, mshazari wake unapanda lakini unanenepeshwa, bila hivyo Z nzima ingekuwa unywele mtupu. Mtu akigeuza V kichwa chini kupata A ni sawa kwa kuizungusha nusu duara, ila akiipindua kama kwenye kioo unene unahama na herufi inaonekana imevaa viatu tofauti. Na O ichore ipite kidogo juu na chini ya mstari, ikilingana kabisa na H inaonekana fupi.

Hatua ya 10: kukabidhi

Soma leseni. Fonti za leseni huria kama hizo nilizotaja unazitumia kwenye kazi za biashara bila shida, za kununua mara nyingi leseni ya kompyuta, ya tovuti na ya programu ni vitu tofauti na mteja anahitaji ya kwake. Faili la kuprinti geuza maandishi kuwa michoro ili mashine yao isikubadilishie fonti, alafu omba karatasi moja ya majaribio kwenye karatasi ileile ya kazi, sio kwenye printa ya ofisini. Iweke mezani, isome ukiwa umesimama. Na lile faili lenye maandishi yanayoharirika baki nalo, kwa sababu kesho yake saa mbili asubuhi simu itaita, kuna jina limekosewa herufi.